Dizeli Iliyomwangusha Polepole

Mume wa dobi alikuwa dereva wa pikipiki, na watu walimwita Polepole. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na abiria. Mtu mwenye haraka alipanda pikipiki yake mara moja tu, hakurudi tena. "Yule bwana," walilalamika, "ukipanda naye unafika umeota mvi."

Lakini akina mama wenye watoto wachanga walimsubiri yeye, hata kama pikipiki nyingine zimejaa kituoni. Wajawazito walimsubiri. Wazee wenye magoti mabovu walimsubiri. Mwenyewe alilipenda jina lake. Aliliandika kwa rangi nyeupe nyuma ya kiti.

Mkewe alifulia watu nguo nyumbani. Uani kwao palikuwa na makarai, ndoo, na kamba zilizovuka kutoka ukuta hadi ukuta. Wateja wake wakubwa walikuwa mafundi wa gereji. Walimletea ovaroli nyeusi tii, ngumu kwa grisi, zinazoweza kusimama zenyewe.

"Hizi si nguo," dobi aliwaambia. "Hizi ni injini zenye mikono."

Ovaroli zile zilimfundisha mambo. Nguo yenye petroli ukiianika, harufu inakwenda zake na upepo. Nguo yenye dizeli ni kesi nyingine. Unaloweka, unafikicha, unasuuza, unaanika, na bado inanuka. Dizeli haikauki kirahisi. Ikishakaa, imekaa.

Asubuhi nyingi mdogo wake dobi alipita kunywa chai. Huyu alikuwa dereva wa lori la mchanga, mtu wa mwili, wakamwita Bonge. Mama yao alifariki Bonge akiwa bado anatambaa. Dada yake ndiye aliyembeba mgongoni, akamlisha, akamtafutia shule. Mpaka leo, mtu mzima na ndevu zake, akimwona dada yake huvua kofia.

Kwa shemeji yake, hata hivyo, alikuwa na mdomo.

"Shemeji, jana nilikuona barabarani," alisema siku moja akipuliza chai. "Nyuma yako kulikuwa na kobe anapiga honi."

"Ningempisha," Polepole alijibu, "lakini nilifikiri ni wewe."

Dobi alicheka mpaka akaangusha vibanio vya nguo.

Siku ya ajali ilianza hivyohivyo, kwa chai na utani. Alfajiri yalinyesha manyunyu, kisha jua likatoka. Bonge alipita mapema, akanywa chai kwa kusimama, akaondoka. Polepole aliifuta pikipiki yake, akavaa kofia yake ngumu, akafunga mkanda wake kidevuni, akaondoka pia. Dobi alizamisha mikono katika karai la kwanza.

Karai la pili lilikuwa bado halijaisha povu wakati dereva mwenzake Polepole aliposimama mlangoni. Hakuingia. Alishika mlango kama mtu anayeogopa kuanguka.

"Mama," alisema, "njoo. Polepole ameanguka pale mzungukoni."

"Ameanguka vipi?"

"Yuko hai. Njoo tu."

Dobi alikwenda hospitali na povu hadi kwenye viwiko. Alimkuta mumewe amelala, mguu mmoja umefungwa, uso umekuwa wa kijivu. Mfupa ulikuwa umevunjika chini ya goti. Ngozi ya mkono wa kulia ilikuwa imekwanguka. Muuguzi alimwonyesha ile kofia ngumu. Ubavuni ilikuwa na ufa mrefu.

"Ufa huu ungekuwa kichwani," alisema muuguzi. "Mshukuru Mungu, halafu mshukuru huyu aliyefunga mkanda wake."

Dobi alishukuru. Alikaa kitandani, akashika mkono mzima wa mumewe, akalia kidogo, akafuta machozi kwa kanga kabla hayajaonekana.

Kisha watu wakaanza kuja, na maneno yao.

"Hata Polepole siku hizi anakimbia," alisema mmoja.

"Barabara ilikuwa imeshakauka, haina hata shimo," alisema mwingine. "Mtu anaangukaje peke yake?"

Mama mmoja aliyekuwa abiria wa kila siku wa Polepole alimvuta dobi pembeni. "Mwenzangu, nisamehe kwa kuuliza. Ameanza kunywa?"

Bonge alikuja mchana, bado na vumbi la mchanga kwenye nyusi. Alisimama mbele ya kitanda, mikono kiunoni. Sauti yake ilijaa wodi nzima.

"Shemeji! Wewe tena? Ulikuwa unakimbilia wapi?"

Wagonjwa wawili watatu walicheka. Polepole hakucheka. Aligeuza uso ukutani.

Bonge alipoondoka, Polepole alisema bila kugeuka, "Mguu utapona. Jina langu je?"

"Mume wangu, watu wanasema tu."

"Nilipunguza mwendo kama siku zote. Niliinama kidogo kuchukua kona. Mara gurudumu la nyuma likaondoka. Sikushika breki, sikuongeza mafuta. Liliondoka tu, kama nimepita juu ya sabuni yako." Akamgeukia mkewe. "Na wewe unadhani nilikuwa nakimbia?"

"Hapana," alisema dobi.

Lakini jibu lilichelewa kidogo kutoka, na wote wawili walisikia lilivyochelewa.

Jambo hilo lilimuuma njia nzima ya kurudi nyumbani. Alifika, akafungua mfuko wa nguo aliopewa hospitali. Suruali ya mumewe ilikuwa imekatwa kwa mkasi tangu pindo hadi pajani. Aliichukua akaiinua kuona kama inashoneka. Hapo ndipo harufu ilipomfikia.

Aliisogeza puani. Akaigeuza upande wa kulia, upande aliolalia barabara. Hakuhitaji kunusa mara mbili.

Dizeli.

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, suruali magotini. Pikipiki ya Polepole ilitumia petroli. Mtu hawezi kumwagiwa dizeli na pikipiki ya petroli. Basi imetoka wapi?

Nyumba ya pili kutoka kwake aliishi askari wa kikosi cha zimamoto. Mtaa mzima ulimwita Afande. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole, mwenye mazoea ya kuweka viatu vyake vya kazi juani kila siku ya mapumziko. Siku hiyo alikuwa akivipaka rangi. Dobi alimpa ile suruali bila hata salamu.

Afande alinusa. Akaacha kupaka rangi.

"Ameanguka wapi?"

"Mzungukoni, anapoingilia barabara ya gereji."

"Kona ya kushoto?"

"Ndiyo."

"Jirani, hebu twende. Kama ndiyo ninayofikiria, bado iko palepale."

Walitembea haraka. Jua lilikuwa limeanza kushuka, na magari yalizunguka mzunguko kama kawaida. Afande alimwambia dobi asimame juu ya ukingo wa saruji, asikanyage barabara. Kisha akanyoosha kidole.

"Usiangalie chini ya miguu yako. Angalia mbele, pale jua linapogonga lami. Unaona nini?"

Mwanzoni dobi hakuona kitu. Lami ni lami. Kisha akainamisha kichwa, na ule mstari ukajitokeza. Ulikuwa mweusi kuliko lami, unang'aa, umefuata ukingo wa nje wa kona kama utepe. Kando, mahali palipobaki kidimbwi cha maji ya manyunyu ya alfajiri, aliona rangi: buluu, zambarau, manjano, kama upinde wa mvua uliolala chini. Kilikuwa kitu kizuri kukitazama. Jambo hilo lilimtia hasira.

"Hiyo ndiyo iliyomwangusha mume wako," alisema Afande.

"Lakini magari yanapita juu yake!"

"Gari lina magurudumu manne. Moja likiteleza, mengine yanalishikilia. Tena gari halilali kwenye kona. Pikipiki ina mawili tu, na inapopiga kona inalala. Ikikosa mshiko hapo hapo, haina pa kujishikilia. Dereva hana muda hata wa kusema 'mama'."

"Hata akienda polepole?"

"Hata akienda polepole. Mwendo mdogo humsaidia asiumie zaidi, na humpa muda wa kuona. Lakini juu ya dizeli, hata anayetembea kwa miguu anaanguka."

Kabla hajamaliza, pikipiki moja iliingia kona ile. Ilibeba mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Dobi alipiga kelele. Gurudumu la nyuma lilicheza kushoto, likacheza kulia, dereva akatupa mguu chini, na pikipiki ikavuka ikiyumba. Ilikwenda mbele kidogo ikasimama. Dereva aligeuka nyuma akitazama barabara, hajui alichokanyaga. Yule mwanamke alikuwa ameshika kichwa cha mtoto kwa mikono miwili.

Afande alikuwa tayari ana simu sikioni. Aliwaita wenzake wa zamu, akataja mahali na upande wa kona. Aliwapigia na polisi wa barabarani. Kisha akavunja matawi kwenye kichaka cha kando, wakayapanga mapema kabla ya kona, pembeni, mahali dereva anapoweza kuyaona akiwa bado na nafasi ya kupunguza mwendo.

"Kwa nini tusimwage maji?" aliuliza dobi. "Nikimbie nyumbani nilete ndoo na sabuni?"

"Hapana, jirani. Maji yanaibeba na kuitawanya. Umeona manyunyu ya leo yalivyofanya? Mafuta yanaelea juu ya maji, yanaenea. Kama ulikuwa na utepe, sasa una mkeka. Tunamwaga mchanga mkavu au vumbi la mbao, linakunywa yale mafuta, kisha tunalifagia lote na kuliondoa. Ukiacha mchanga barabarani nao utamwangusha mwingine. Na kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja na fagio katikati ya magari. Inafanywa magari yakiwa yamesimamishwa."

Gari la zimamoto lilifika. Askari walifunga njia ile, wakamwaga mchanga, wakasubiri, wakafagia, wakamwaga tena. Dobi aliwatazama mpaka mwisho. Mchanga uliingia mweupe ukatoka mweusi.

"Sasa niambie," alimuuliza Afande wakirudi, "nani anamwaga dizeli barabarani? Mtu mwenye akili zake?"

"Hamwagi makusudi. Wewe ukijaza karai lako mpaka mdomoni, ukalibeba ukitembea moja kwa moja, maji yanatulia. Ukigeuka ghafla je?"

"Yananimwagikia miguuni."

"Basi lori ni hivyo hivyo. Dereva anajaza tangi mpaka juu kabisa. Mfuniko umepotea, au umelegea. Kwenye barabara iliyonyooka hakuna kinachotoka. Akifika kwenye kona, mafuta yanapanda upande mmoja na kumwagika. Ndiyo maana utaikuta dizeli kwenye mizunguko, kwenye kona kali, kwenye miinuko, na karibu na vituo vya mafuta. Dereva mwenyewe ameshakwenda. Anayeanguka yuko nyuma."

Siku iliyofuata dobi alikwenda hospitali mapema kuliko muuguzi wa zamu ya asubuhi. Alimweleza mumewe yote, mstari, rangi, mchanga uliotoka mweusi. Polepole alisikiliza amefumba macho. Mwishoni dobi alisema, "Jana uliniuliza kitu nikachelewa kujibu. Nisamehe."

Polepole alifumbua macho. "Umekwenda kuitafuta kwa miguu yako. Unataka nikusamehe nini tena?"

Aliporuhusiwa kurudi nyumbani, aliwekwa kwenye kiti uani, mguu wenye plasta juu ya stuli, katikati ya ovaroli zinazochuruzika. Afande alipita kumjulia hali. Polepole alikuwa na swali lililokuwa limemkaa kooni.

"Afande, ningeiona mapema, ningefanyaje?"

"Ukiweza kuikwepa, ikwepe. Ukiweza kusimama kabla yake, mahali salama, simama. Lakini ukiwa umeshafika juu yake, usifanye kitu cha ghafla. Hilo ndilo gumu, maana mkono wenyewe unataka kushika breki. Usishike. Usiongeze mafuta. Usikate kona. Iweke pikipiki wima, shika usukani bila kukakamaa, iache ipite kwa mwendo wake."

"Nikishavuka?"

"Usishangilie bado. Magurudumu yameshalamba dizeli. Nenda taratibu, simama pembeni, yafute. Halafu piga simu, waonye wenzako. Na uzoee kunusa. Ukisikia harufu ya dizeli karibu na kona, punguza mwendo hata kama hujaona kitu."

Hapo Bonge aliingia na mfuko wa machungwa. Alivua kofia kwa dada yake, akasalimia, akatafuta pa kukaa.

"Afadhali umekuja, mdogo wangu," alisema dobi akimmiminia chai. "Shemeji yako hakuwa anakimbia. Ni dizeli. Kuna lori lilipita pale mzungukoni asubuhi ile, tangi limejaa pomoni na halina mfuniko. Wewe unawajua madereva wenzako. Waambie wafunge matangi yao, wataua watu."

Bonge alikuwa ameinua kikombe. Hakikufika mdomoni. Alikirudisha chini polepole sana, kama kimekuwa kizito.

"Asubuhi ile?" aliuliza.

"Ile ile."

Bonge aliuvuta mfuko wa machungwa. Alimenya chungwa moja, hakulila. Baada ya muda akasema ana safari ya mchanga, akaondoka. Afande alimsindikiza kwa macho.

Kesho yake Bonge hakuja kunywa chai. Wala kesho kutwa. Dobi alimpigia simu, ikaita mpaka ikachoka. Mwishowe alifunga kanga kiunoni akaenda mwenyewe kwenye uwanja yalikolazwa malori.

Alimkuta amechuchumaa kando ya lori lake. Hakuhitaji kumuuliza kitu. Tangi lilikuwa pale ubavuni, nyuma ya mlango. Badala ya mfuniko palikuwa na mfuko wa plastiki na kitambaa kilichofungwa kwa kamba ya mpira. Kitambaa kilikuwa kimelowa. Chini yake, tangu tangini hadi kwenye gurudumu, palikuwa na michirizi myeusi iliyoshika vumbi.

"Mfuniko uko wapi?" aliuliza dobi.

"Ulipotea zamani, dada. Bosi alisema ziba na kitambaa, utanunuliwa. Haukununuliwa."

"Na mafuta unajaza mpaka wapi?"

"Mpaka shingoni. Tusirudirudi kituoni katikati ya kazi."

"Siku ile ulipita mzungukoni?"

Bonge aliangalia mikono yake mikubwa. "Nilitoka kujaza. Nikapiga kona ileile. Nilisikia harufu, dada. Kila siku naisikia. Mtu akishazoea harufu, haisikii tena." Sauti yake ilikatika. "Halafu nikaenda kumuuliza pale kitandani anakimbilia wapi."

Dobi alitaka kumpiga. Mkono ulishainuka. Alimwona mbele yake lile pande la mtu, mabega yamedondoka, na papo hapo akamwona yule mtoto aliyekuwa akimlilia mgongoni. Mkono ulishuka ukamwangukia begani.

"Una hakika ni yako?"

"Sina hakika. Labda yangu, labda ya mwenzangu." Alinyoosha kidole kuelekea malori mengine. Mengi yalikuwa na vitambaa. "Tuko hivyo wote. Lakini nikilala naona ni yangu."

"Basi huwezi kukaa nayo huku. Inuka. Twende ukamwambie mwenyewe."

Polepole alimsikiliza shemeji yake bila kumkatiza. Bonge alikuwa amekaa chini, juu ya sakafu, ingawa kiti kilikuwepo. Alipomaliza, aliiweka kofia yake magotini. Maji yalidondoka kutoka kwenye ovaroli.

"Mguu," alisema Polepole, "nimekusamehe. Hukukusudia. Lakini ulinicheka mbele ya watu, na watu wakaamini. Hilo siwezi kulisamehe hapa nyumbani. Kaseme ukweli kule wanakonisema, kituoni."

Bonge alielewa. Kesho yake alikwenda kituo cha pikipiki. Dobi alikwenda naye, akasimama nyuma kidogo. Madereva walikuwa wengi, wamekalia pikipiki zao wakisubiri abiria. Bonge alivua kofia.

"Mnanijua," alisema. "Mimi ni shemeji yake Polepole. Nimekuja kusema hakuwa anakimbia, na hakuwa amelewa. Aliteleza kwenye dizeli. Lori langu halina mfuniko wa tangi, na asubuhi ile nilipita pale."

Kisha kijana mmoja akaruka kutoka kwenye pikipiki yake, akamkunja shati. "Mwezi uliopita nilianguka palepale! Nikalipishwa kioo cha mtu! Ulikuwa ni wewe?"

"Labda," alisema Bonge. Hakujitetea, hakumsukuma.

Wengine walianza kusogea. Dobi hakungoja. Alijipenyeza katikati, akasimama kati ya mdogo wake na wale vijana.

"Aliyevunjika mguu ni mume wangu," alisema kwa sauti. "Kama kuna wa kumpiga huyu, ningekuwa mimi wa kwanza. Mkimpiga, kesho malori yatapita vilevile na vitambaa vyao. Mimi sitaki mumuumize. Nataka mifuniko."

Kijana alilegeza mkono. Mmoja wa madereva wazee alikohoa. "Mama amesema," akasema. "Sasa tuanzie wapi?"

Walianzia kwa Afande. Aliomba ruhusa kazini, akaja kituoni na wenzake wawili. Safari hii Bonge aliwaleta madereva wa malori nao. Mwanzoni watu wa magurudumu mawili walikaa upande wao, na watu wa malori upande wao, wakitazamana kwa jicho la pembeni. Afande alimwaga tone la dizeli na tone la petroli juu ya bati. Wakazungumza kidogo. Waliporudi kutazama, petroli ilikuwa imekwenda zake. Dizeli ilikuwa palepale, inang'aa.

"Nani ataigusa?" aliuliza. Dereva wa lori mmoja alipitisha kidole, kikateleza. Akakitazama kidole chake kwa muda mrefu, kisha akaitazama pikipiki iliyo jirani naye, magurudumu yake membamba.

Afande aliwaambia madereva wa malori wasijaze tangi mpaka juu kabisa, kwa sababu mafuta huhitaji nafasi, hasa yanapopata joto. Waukague mfuniko na mpira wake wa ndani kila asubuhi kabla ya kuwasha injini. Wapige magoti watazame chini kama kuna kinachovuja. Na ikitokea imemwagika, wasikimbie. Wasimame pembeni, waweke pembetatu za tahadhari, wapige simu.

"Tukipiga simu si tutakamatwa?" aliuliza mmoja.

"Labda utaulizwa maswali," alisema Afande. "Lakini maswali utayajibu. Maiti utamjibu nini?"

Bosi wa malori ndiye aliyekuwa mgumu. Alisema mambo ya mifuniko yatashughulikiwa. Alisema hivyo bila kuinua macho kwenye simu yake. Bonge aliweka funguo za lori juu ya meza.

"Lori lisilo na mfuniko siliendeshi, bosi."

"Nitapata dereva mwingine."

Lakini nyuma ya Bonge alisimama dereva wa pili na funguo zake. Nyuma yake wa tatu. Bosi aliinua macho. Aliwatazama mmoja mmoja, akatoka nje kwenda kuyaona matangi yake mwenyewe, labda kwa mara ya kwanza. Alishika kitambaa kimoja, akakikamua. Mafuta yalimchuruzikia hadi kwenye kiatu. Jioni ile mifuniko ilikuja, yenye kufuli.

Mguu wa Polepole ulichukua muda wake. Plasta ilitolewa, akajifunza kutembea na mkongojo, kisha bila mkongojo. Siku aliyoiwasha pikipiki tena, mama yule aliyeuliza kuhusu pombe ndiye aliyekuwa abiria wake wa kwanza. Alimletea mtoto wake ampeleke kliniki, na aibu kidogo usoni. Polepole alimpa mtoto salamu na mama kofia ngumu.

Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, dobi alikuwa amepanda nyuma ya mumewe wakipeleka furushi la nguo. Walipokaribia mzunguko, waliona foleni ya pikipiki zimesimama pembeni. Pembetatu nyekundu zilikuwa zimewekwa mbali kabla ya kona. Lori la Bonge lilikuwa limeegeshwa kando ya barabara, taa zinawakawaka.

"Shemeji, ngojeni!" Bonge alipaza sauti kutoka ukingoni. "Kuna basi limemwaga dizeli. Nimeshawapigia simu zimamoto. Hakuna kupita!"

Polepole alizima injini. Walingoja katika manyunyu. Abiria mmoja alinung'unika kwamba anachelewa kazini. Yule kijana aliyewahi kumkunja Bonge shati ndiye aliyemjibu: "Chelewa tu, ndugu. Utafika."

Zimamoto walikuja na mchanga wao. Walimwaga, wakafagia, wakamwaga tena. Afande alijaribu lami kwa kisigino cha kiatu chake, mara ya kwanza, mara ya pili, kisha akainua mkono.

Njia ilifunguliwa. Aliyeingia wa kwanza alikuwa dereva mgeni, aliyefika wakati huohuo tu. Hakuwa ameona pembetatu zikiwa barabarani, wala mchanga, wala upinde wa mvua uliolala chini. Nyuma yake alikuwa amekaa msichana mdogo wa shule, begi mgongoni, anaimba. Pikipiki ililala kidogo kwenye kona, ikainuka, ikaenda zake. Msichana aliendelea kuimba.

Dobi aliwatazama mpaka wakapotea. Hakuna kilichotokea. Hakuna hata mtu mmoja aliyegeuka kutazama.

Aliweka mikono yake kiunoni kwa mumewe. "Haya," alimwambia, "twende."